Korongo wa Igogo: namna ya kuchambua sanamu ya mnyama iliyoundwa kwa vitu mchanganyiko

Ukipita Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, asubuhi, wakati mitumbwi inashusha samaki, utawaona korongo wamesimama pembeni kama wazee wa baraza: vipara, mabega juu, hawana haraka na mtu. Nawasema wale wenye mfuko mwekundu unaoning'inia shingoni. Kijana mmoja mwenye karakana ya kuchomelea maeneo ya Igogo aliniita nikamwone korongo wake. Nilimkuta mlangoni, ananifika kifuani, ameundwa kwa nondo, mbao za mtumbwi, nyavu na vikorokoro vingine tutakavyovifikia. Wanafunzi niliokuwa nao walimpiga picha, wakasema "kali sana", wakaondoka. Mmoja akaniandikia kwenye kazi yake: "Sanamu hii inatuhimiza kutunza mazingira."

Nilimrudishia daftari. Huenda sentensi yenyewe ni ya kweli, lakini angeweza kuiandika bila kutoka kitandani. Inafaa sanamu yoyote iliyotengenezwa kwa vitu vilivyokwisha kutumika, tembo wa vyuma chakavu au kasa wa ndala. Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kusema jambo linaloihusu sanamu hiyo moja iliyo mbele yake: mwanafunzi, mwandishi wa habari, mtembeza wageni, hata mnunuzi. Korongo wa Igogo ndiye atakuwa mfano wetu mwanzo hadi mwisho.

Chukua daftari, penseli, futi ya kupimia na simu kwa ajili ya tochi yake. Tenga saa nzima. Picha utapiga mwishoni.

Hatua ya kwanza: zunguka, usiulize

Fundi akiwepo atataka kukueleza, maana ni kazi yake na ana furaha nayo. Mwombe kwa adabu: "Fundi, niache nimtazame kwanza, halafu utanieleza." Ukishasikia maelezo yake macho yako hayatakuwa yako tena.

Simama mbali, kama hatua kumi. Andika ni mnyama gani, kisha andika kitenzi kimoja cha anachofanya. Kitenzi hicho kina kazi kubwa kuliko jina la mnyama. Wa kwangu, kwa mbali, "anasubiri". Sikuandika "amesimama", kwa sababu kichwa kimezama mabegani na mdomo umeelekea chini, kama mtu aliye kwenye foleni asiyetaka kuonekana yuko kwenye foleni.

Sasa mzunguke. Ukifika nyuma ya korongo huyu ndege anapotea, unabaki na bati na vichwa vya ribiti. Andika hilo pia. Sanamu nyingi zina mbele na nyuma, na fundi ndiye aliyeamua wewe usimame wapi.

Hatua ya pili: orodhesha vitu kwa majina yake

Hapa ndipo ukae sana. Usiandike "chuma, mbao, plastiki". Andika jina analolitumia mwenye kazi na kitu hicho, kilikuwa kinafanya nini kabla, na alama gani ya kazi hiyo imebaki. Hii ndiyo orodha yangu ya siku ile, kama ilivyo daftarini:

Miguu – nondo mbili za milimita 12, kutu ya juu juu, rangi nyeupe imemwagiwa kuanzia goti kushuka.
Mdomo – vipande viwili vya ubao wa mtumbwi, tabaka tatu za rangi (bluu, nyeupe, bluu tena), matundu ya misumari, mabaki ya tarakimu za usajili.
Mwili – bati la madebe ya mafuta ya kula, kingo zimekunjwa mara mbili na kubanwa kwa ribiti.
Mabawa – viroba vilivyoshonwa pamoja kwa mkono, ukingoni kuna matundu yenye vipande vya kamba.
Shingo – nyavu ya nailoni, ncha zimeyeyuka zikawa kama shanga nyeusi.
Jicho – gololi.
Mfuko wa shingoni – bondo la sangara, kavu, dogo, lina tundu.
Ndani ya kifua, ukimulika tochi – mifuko ya rambo imeshindiliwa.

Orodha kama hii inaanza kuongea yenyewe. Chukua bati. Mtu wa Mwanza anajua kwamba Makoroboi pameitwa hivyo kwa sababu ya koroboi, zile taa za mafuta ya taa ambazo mafundi walikuwa wakizitengeneza pale kwa mabati ya makopo na madebe. Ukingo uliokunjwa mara mbili ili usikate mkono ndio ukingo wa koroboi. Kwa hiyo mwili wa ndege huyu umepita kwenye ustadi wenye anwani hapa hapa mjini, na ningeutambua hata kama fundi asingeniambia amejifunza wapi.

Au chukua mifuko ya rambo. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019. Sanamu iliyoshindiliwa mifuko hiyo leo ina maana fundi aliifukua jalalani, au aliiokota ufukweni, au alikuwa ameiweka stoo. Vitu vina tarehe. Wakati mwingine vitakupa umri wa kazi ambayo haikuandikwa mwaka popote.

Tahadhari moja: jicho hudanganyika. Mchongaji wa Marekani Deborah Butterfield huunda farasi kwa vijiti na magogo ya kuokota, kisha hivyo vijiti husubiwa kwa shaba nyeusi na kupakwa rangi hadi vinarudi kufanana na mti mkavu. Mtu anaweza kumwandikia insha nzima juu ya wepesi wa mbao huku farasi ana uzito wa gari. Omba ruhusa, gonga kwa ukucha, sikiliza.

Hatua ya tatu: fuata maungio

Kiswahili chenyewe kinakusaidia. Anayechonga anapunguza. Anayefinyanga anaongeza na kukanda. Anayesubu anamimina. Sanamu ya namna hii haikuchongwa wala kufinyangwa. Imeundwa, na kuunda ni neno la watu wa vyombo, wale wanaounda mashua na mitumbwi. Kwa hiyo itazame kama unavyotazama mtumbwi mpya, yaani pale ubao unapokutana na ubao.

Jiulize: ungio limefichwa au limeachwa wazi? Limefanywa kwa ufundi wa kitu kipi? Na uzito wote unabebwa na nani?

Mdomo wa korongo wetu umeshikizwa kwenye shingo kwa misumari iliyopitishwa na kukunjwa kwa ndani, na kwenye mwanya kati ya mbao mbili kuna pamba iliyosindikwa kwa patasi. Hiyo ni kalafati. Ndivyo mtumbwi unavyozibwa usivuje. Nilikaa hapo muda mrefu, kwa sababu mdomo wa sanamu hauendi majini. Gundi ya dukani ingetosha, ingekuwa rahisi, na isingeonekana. Shingo nayo haikuviringishwa tu. Nyavu imeunganishwa kwa mafundo ya mtu anayeijua sindano ya nyavu. Miguu peke yake ndiyo imechomelewa, na mshono wake ni safi, kwani hiyo ndiyo kazi ya kijana ya kila siku.

Nikaandika: kila kitu kimeungwa kwa mkono wa kazi kilikotoka. Chini yake nikaweka swali la kumuuliza baadaye: aliunda peke yake?

Kwa kulinganisha, mwaka 1942 Picasso alichukua kiti cha baiskeli na usukani wake, akaviunga, akapata kichwa cha fahali. Vitu viwili, ungio moja. Uzuri wake wote uko kwenye kupepesa kwa jicho: sasa fahali, sasa baiskeli. Baadaye kilitolewa pia kwa shaba nyeusi, na mimi naona hapo kuna kilichopungua, kwa sababu ngozi na chuma vimekuwa kitu kimoja na ule mzaha umetulia. Wengine hawakubaliani nami. Ila jaribio lenyewe lichukue: ifikirie sanamu iliyo mbele yako imesubiwa yote kwa shaba. Ingepoteza nini? Hicho ulichokitaja ndicho vitu vyake vinachofanya.

Hatua ya nne: mjue mnyama mwenyewe

Wachambuzi wengi huchukulia kwamba wanamjua. Nenda ukamtazame, au umuulize anayeishi naye. Korongo huyu akisimama hufikia kama mita moja na nusu. Kipara chake kina faida, maana anaingiza kichwa kwenye mizoga na matumbo ya samaki. Sasa tazama miguu. Watu hudhani ni myeupe. Siyo: ngozi yake ni ya giza, na weupe ule ni kinyesi. Korongo hujinyea miguuni makusudi ili unyevu ukikauka umpoze, maana jua la hapa halina huruma.

Rudi kwenye orodha: rangi nyeupe *imemwagiwa* kuanzia goti kushuka. Haikupakwa kwa brashi. Imetiririka, ina michirizi, na kutu inaonekana katikati yake. Fundi wa kukisia angepaka mguu wote mweupe. Huyu alikaa Mwaloni akatazama. Kitu kidogo kama hicho ndicho kinachokupa haki ya kuandika kwamba "msanii anamjua ndege wake", sentensi ambayo bila ushahidi ni maneno ya kusifia tu.

Kisha mfuko wa shingoni. Watu wengi huamini ni ghala la chakula, kama ule wa mwari. Hapana, ni mfuko wa hewa. Huufutua anapojionyesha kwa wenzake. Na fundi ameutengeneza kwa nini? Kwa bondo, ambalo nalo ni mfuko wa hewa: ndilo linalomwezesha sangara kuelea. Hewa ya samaki imewekwa mahali pa hewa ya ndege.

Ningeishia hapo ningekuwa nimepata mzaha mzuri. Lakini bondo ni kitu cha pesa. Kila mtu wa ziwa anajua kwamba mabondo hukaushwa na kupelekwa Asia, China hasa, kwa ajili ya supu, na kwamba kwa uzito kilo ya bondo inaiacha mbali kilo ya mnofu. Sangara aliletwa Ziwa Victoria na watu katika miaka ya 1950 na 1960; alipostawi katika miaka ya 1980 furu, wale samaki wadogo wa asili ya ziwa, wakapungua vibaya, na viwanda vya minofu vikafuata. Mnofu unasafiri nje, bondo linasafiri nje, mapanki, yaani vichwa na mifupa baada ya minofu kuondolewa, yanabaki kwa watu. Matumbo ndiyo ya korongo. Bondo halitupwi hata siku moja. Ndege huyu amevishwa shingoni kitu cha samaki ambacho hajawahi kuachiwa.

Hapo ndipo ile sentensi ya mazingira ilipofia kwangu. Si kila kilichomo ni takataka. Ukisema "vitu vilivyotupwa" umelifuta bondo, na bondo ndilo lililoning'inizwa katikati, mbele, mahali jicho linapotua.

Hatua ya tano: kipimo, mahali, na uzee

Hii haitakuchukua muda. Pima urefu, andika kama ni mkubwa au mdogo kuliko mnyama wa kweli. Wa kwangu ana mita 1.3, karibu saizi yake. Andika kama ana kiweko au amekanyaga ardhi kama sisi. Andika sanamu ilikusudiwa kuonwa na nani. Samaki wa keepileft ya Samaki pale mjini anatazamwa na mtu aliye kwenye daladala kwa sekunde chache, kwa hiyo umbo kubwa linamtosha. Ukimdai kalafati na mafundo utakuwa unamwonea.

Angalia pia kitakachokufa kwanza. Nailoni na viroba vitapasuka kwa jua kabla nondo haijaliwa na kutu, hasa huku kwetu ambako ziwa ni la maji baridi na hakuna chumvi ya Dar es Salaam. Bondo litatafutwa na panya. Kuoza nako huwa sehemu ya kazi, msanii apende asipende: papa ambaye msanii wa Uingereza Damien Hirst alimweka kwenye dawa mwaka 1991 aliharibika, na mwaka 2006 ikabidi awekwe mwingine.

Hatua ya sita: mtafutie jamaa zake

Wawili watatu wanatosha. Usilundike majina ili uonekane umesoma.

Jamaa wa mbali wa korongo wetu ni mifupa ya nyangumi ya Brian Jungen wa Kanada, iliyoundwa kuanzia mwaka 2000 kwa viti vyeupe vya plastiki, vile vile vya harusini na kwenye vilabu vya pombe. Jungen alikata viti vingi hadi vikawa uti wa mgongo na mbavu, lakini ukisogea unaona mianya ya egemeo la kiti. Kitu hakikuruhusiwa kusahau kilikuwa nini. Jamaa wa karibu ni wanyama wa vyuma chakavu wa Kioko Mwitiki wa Kenya. Kwake chuma kinakuwa msuli na ngozi kwa wingi wake. Huyu wetu kila kipande chake kimebaki na jina lake.

Na jamaa wa nyumbani kabisa usimruke. Panda gari za Kisesa ushuke Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vilivyokuwa vikishindana kuvuta watazamaji vilitumia sanamu za mbao zenye viungo vinavyochezeshwa, na wachezaji waliingia uwanjani na wanyama wenyewe: Bayeye na nyoka wao, Banunguli na nungunungu. Mnyama wa sanaa kwa Wasukuma alikuwa wa kushtua umati na kuwashinda wapinzani. Baada ya Bujora nilirudi kumtazama korongo nikagundua shingo yake inacheza kidogo ukiisukuma. Sijui mpaka leo kama ni makusudi au ni ribiti iliyolegea, na kwa hiyo sikuliingiza kwenye maandishi yangu.

Hatua ya saba: naona, nadhani, nadai

Gawa ukurasa mara tatu. Upande wa kwanza weka ulichokiona tu. Wa pili, unachodhani. Wa tatu, unachodai na uko tayari kukitetea. Wengi huruka kutoka wa kwanza hadi wa tatu.

Nyavu ya shingoni ni mfano mzuri. *Naona*: ncha zimeyeyuka. *Nadhani*: ni nyavu iliyookolewa motoni, kwa kuwa mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, nyavu haramu zilikusanywa na kuchomwa kando ya ziwa. Ningependa iwe hivyo; ingeipa aya yangu nguvu. Lakini fundi wa kuchomelea ana moto kila siku, na shingo ya korongo ina manyoya machache yaliyosokotana yanayofanana sana na nailoni iliyochomwa. Basi *nadai*: moto umetumika kupata manyoya. Habari ya operesheni inabaki safu ya katikati mpaka nimuulize.

Kisha andika aya moja, si zaidi, dai likiwa mwanzoni na ushahidi ukifuata. Yangu ilianza hivi:

"Korongo huyu anasubiri, na anachokisubiri amekwisha kuvishwa. Shingoni, mahali pa mfuko wake wa hewa, ana bondo la sangara, kitu ambacho hakijawahi kutupwa Mwaloni. Vingine vyote mwilini mwake vimetoka kazini: debe lililokunjwa kwa mkono wa Makoroboi, ubao uliozibwa kwa kalafati, nyavu iliyofumwa kwa sindano, viroba vilivyoshonwa. Kila kimoja kimeungwa kama kilivyozoea kuungwa…"

Hatua ya nane: sasa muulize fundi

Mpelekee maandishi yako, usimpelekee maswali matupu. Mtu huwa mkarimu zaidi akiona umemtazama kweli.

Yule wa Igogo aliweka mashine chini, akavua miwani ya kuchomelea, akasoma polepole. Nyavu alisema aliichoma mwenyewe, "nilitaka yale manywele yake." Kalafati ilifanywa na baba yake mdogo, ambaye ni fundi mitumbwi, mafundo ya nyavu, rafiki yake. Bondo alilipewa kwa sababu lina tundu na kwa dogo vile halikuwa na bei ya maana. Nikaandika yote.

Alipofika kwenye mabawa akacheka.

"Mwalimu, umeandika viroba."

"Si ni viroba?"

"Viroba ni vya unga. Hilo ni tanga." Akashika ukingo wa bawa, akaniwekea kidole kwenye matundu yale yenye vipande vya kamba. "Hapa ndipo lilipokuwa linafungwa mlingotini. Limevua miaka hilo, kabla baba mdogo hajanunua mashine."

Matundu nilikuwa nimeyaandika mwenyewe, na kamba zake, kwenye mstari wa nne wa orodha. Nilimwomba kigoda cha kukalia, nikafungua ukurasa mpya, nikaanza tena kwenye mdomo.